Harage la Mwisho

Mnanicheka, wajukuu zangu, kwamba hadithi zangu hazina mtu wa kawaida hata mmoja: huyu anazungumza na ungo, yule analala na kofia. Na nyinyi je? Jana mmetazama mchezo kwenye televisheni, nikawauliza habari za shujaa, mkakuna vichwa. Lakini yule jirani anayebisha hodi kwa goti mmemwigiza tangu asubuhi, mpaka mlango wangu umelegea. Sogeeni karibu na moto, ukungu umeshuka. Nitawaeleza jambo hili lilikotoka. Msicheke, maana mimi mwenyewe huwa naogopa nikilisimulia.

Wakati ule watu wa milima hii walikuwa wafinyanzi, na chungu kizuri kilikuwa kile kisichotofautiana na cha jirani. Walikisugua kwa kokoto ya mtoni mpaka kisiwe na alama hata moja. Chenye alama walikivunja. Na walivyoufanya udongo, ndivyo walivyowafanya watoto. Aliyecheka kwa namna yake alikanywa, aliyetembea kwa namna yake alichapwa, hadi kijiji kizima kikawa na mwendo mmoja na salamu moja. Hata hadithi zao zilikuwa hivyo: palikuwa na mtu, akaenda, akarudi. Wasikilizaji walisinzia, na hakuna aliyeona ubaya.

Ndipo ukaja Ukungu. Si huu wa kila mwaka. Ule ulikuwa na sauti. Ulishuka mchana kweupe ukamfunika mtu njiani, kisha ukasimama mwisho wa kijiji na kuuliza, "Nimemchukua mmoja wenu. Alikuwaje?"

Jina halikufaa kitu, kwa sababu jina ndilo lililomezwa kwanza. Lilitoka vichwani mwa watu wote mara moja, na sura ikalifuata. Walibaki kusema, "Alikuwa mpole, mchapakazi." Ukungu ukajibu, "Wapole ni wengi," ukaenda naye. Baadaye watu walikuta mkeka umetandikwa, wasijue ni wa nani. Mama alijikuta anapakua bakuli la ziada, akalia bila kujua anamlilia nani. Walianza kwenda kisimani wameshikana mikono, na bado mtu alirudi kiganja chake kimefumba hewa tupu.

Alikuwapo mfinyanzi aliyeitwa Nakijwa, akiishi na binti yake, Naetwe. Nyumbani mwao palikuwa na kigoda kikubwa cha mwanamume, kimelika kwa kukaliwa. Nakijwa alikipangusa vumbi kila asubuhi, na hakujua mwenye kigoda alikuwa nani.

Naetwe alimtia mama yake aibu. Akijikwaa, aliliomba radhi jiwe: "Nisamehe, umeumia?" Akila maharage, la mwisho hakuligusa. Aliliacha bakulini ili liwaambie maharage ya kesho kwamba yeye si mtu mbaya.

"Samaki mkunje angali mbichi," Nakijwa alisema, akachukua fimbo. "Unataka watu wakunyooshee vidole?"

"Nimeacha, mama," mtoto akasema huku analia. "Nitakuwa kama wenzangu."

Asubuhi hiyo Naetwe alikula kimya, akabeba mtungi kwenda kisimani. Mlangoni alijikwaa kwenye jiwe, akang'ata mdomo asiseme neno. Nakijwa alimwona, na moyo wake ukafurahi. Furaha ile ilikuja kumchoma maisha yake yote.

Ukungu ulishuka kabla jua halijafika utosini. "Nimemchukua mmoja wenu. Alikuwaje?"

Nakijwa alitoka na wenzake, akasimama akiwaza ni nani wa nyumba gani leo. Aliwaonea huruma. Yeye, alivyojua, aliishi peke yake tangu zamani. Akarudi ndani kuendelea na udongo wake, na hapo akaliona bakuli dogo kando ya mafiga. Ndani yake palikuwa na harage moja.

Alilitazama sana. Mtu mzima haachi harage moja. Nani anaacha harage moja? Kumbukumbu ikamjia ghafla, akatoka mbio huku akipiga kelele, "Ni wangu! Ni yule anayebakiza harage la mwisho! Ni yule anayeomba radhi mawe!"

Watu waliinamisha nyuso kwa aibu. Ukungu ukauliza, "Wapo wangapi wa namna hiyo?"

"Hakuna mwingine! Hakuna mwingine duniani!"

Ndani ya ule weupe mtungi ukapasuka, na sauti nyembamba ikasema, "Nisamehe, jiwe, umeumia?" Naetwe akatokeza, amelowa, anatetemeka, kidole cha mguu kinavuja damu.

Nakijwa alimkumbatia, lakini hakuishia hapo. Alikimbilia ndani akakitoa kile kigoda, akakiinua juu kwa mikono miwili. "Na mwenye hiki! Nirudishie na mwenye hiki!"

"Alikuwaje?" Ukungu ukauliza.

Nakijwa akafungua kinywa. Alitafuta kicheko, kikohozi, namna ya kuvua viatu, chochote. "Alikuwa mpole," akasema. "Mchapakazi." Ukungu ulingoja kidogo, kisha ukaondoka.

Na tangu siku hiyo, msimulizi wa milima hii hamwachi mtu yeyote aingie hadithini bila kituko chake. Hata hao wa televisheni wanalijua hilo, sijui waliambiwa na nani. Ndiyo maana shujaa wenu mpole ameshapotea, na jirani wa goti bado yumo humu ndani. Na ndiyo maana kwetu hatufuti bakuli. Tunabakiza harage moja.

Kigoda chenyewe ni hiki nilichokalia. Na ukungu wa leo siupendi, umekaa sana pale mwisho wa shamba. Haya, tazamaneni vizuri, kila mtu na mwenzake. Anzeni na mimi. Bibi yenu yukoje? Na asithubutu mtu kusema ni mpole.