Pete ya Mzee Mhina

Kaeni vizuri. Aliyeacha kitu jikoni akakitazame sasa hivi, mara moja tu, kisha arudi asikilize. Hadithi yangu ni ya mwanamke ambaye mara moja haikumtosha.

Mwanamke huyo ni Bi Zawena, mke wa Mzee Mhina. Alikuwa na wasiwasi, na sisemi huu wa kwangu na wako unaokuja ukapita. Wake ulikuwa maradhi. Akizima jiko la mkaa, moyo unamwambia hukuzima, nyumba itaungua, na majirani na watoto wao. Anarudi, anakuta jivu limepoa. Akifika mlangoni, moyo unamwambia tena. Miaka ishirini na tatu Mzee Mhina hakumkaripia. Kila walipotaka kutoka alitia kiganja chake kwenye jivu akamwonyesha mkewe: "Tazama, baridi." Hapo Bi Zawena aliweza kutoka. Ndiyo njia aliyoijua mume ya kumpenda, na aliifuata mpaka siku alipougua.

Mzee akalazwa hospitali, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Jumatatu Bi Zawena alitoka na kurudi mara tisa, mpaka saa ya kutazama wagonjwa ikapita. Jumanne vilevile. Bodaboda wa pale kona walishamkwepa, maana mara mbili aliruka chini njiani ili arudi nyumbani. Jumatano asubuhi simu ikaja kutoka wodini: mzee anamwita mkewe, na asichelewe.

Uani walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Wifi yake Kibibi, dada wa Mzee Mhina, alijaliwa huruma. Mwanawe Mbaruku alijaliwa msimamo. Jirani yao Felista, nesi mstaafu, alijaliwa maarifa.

Kibibi ndiye aliyemtoa mlangoni. Alitia mkono kwenye jivu akamwonyesha, kama afanyavyo kaka yake. Haikusaidia, mkono haukuwa wa mume. Basi akachota jivu lililopoa akalifunga kwenye pindo la kanga ya Bi Zawena. "Wifi yangu, moyo ukikusumbua shika hapa. Ukisikia baridi, jua jiko limezimwa. Na mimi siendi popote, nakaa mbele ya jiko hili mpaka mrudi." Bi Zawena akatoka. Kibibi alikaa kweli, na hakumwona tena kaka yake akiwa hai.

Mbaruku ndiye aliyemvusha reli. Kufika hapo Bi Zawena alikuwa amelifungua na kulifunga lile fundo hata jivu lote likamwagika. Akageuka.

"Mbaruku mwanangu, jiko nimezima?"

Mbaruku akaendelea kutazama ng'ambo ya reli.

"Niambie tu nimezima. Neno moja, mwanangu."

"Mama, nikikujibu hapa utaniuliza tena darajani. Sijibu. Ukirudi, baba anaondoka peke yake."

Alisema hivyo huku analia. Bi Zawena akamwita mwana asiye na utu, mbele ya akina mama wauza nyanya waliomjua tangu mdogo. Kisha akavuka. Neno lile Mbaruku anatembea nalo hadi leo.

Felista ndiye aliyempandisha kilima cha hospitali. Pale chini miguu ya Bi Zawena ilikataa kabisa, akaketi vumbini, na Felista akaketi naye. "Huna jini, dada yangu, wala imani yako haina kasoro. Huu ni ugonjwa, una jina na una tiba. Hofu ikipanda iache ipande. Usibishane nayo, usiitii. Itashuka yenyewe." Bi Zawena akamtazama. "Ulijua miaka yote hii?" Felista akainamisha kichwa. "Nilijua. Niliogopa utanichukia." Hofu ikapanda mpaka Bi Zawena akadhani anakata roho. Halafu ikashuka kidogo, na kidogo hicho kikatosha kupanda kilima.

Walimkuta mzee ana pumzi chache. Alipomwona mkewe alitabasamu, akavua pete yake ya fedha, akamkabidhi Mbaruku. "Mpeni aliyemleta," akasema.

Bi Zawena alikuwa na mengi ya kumwambia. Alitaka kusema ahsante, alitaka kuomba radhi kwa Jumatatu na Jumanne. Akafungua kinywa, na kilichotoka ni hiki: "Mume wangu, jiko nimezima?"

Mzee Mhina akainua kiganja, kitupu, akamwonyesha. Kabla ya adhuhuri alikuwa amefariki.

Baada ya hitima watu wakakaa kuamua habari ya pete. Kibibi akasema, "Nimekosa kumuaga ndugu yangu kwa sababu ya jiko. Nipeni hata pete yake." Wengine wakamjibu kwamba jivu hilohilo ndilo lililolisha maradhi miaka yote. Mbaruku hakujitetea, ila shangazi yake mwenyewe alikiri kwamba bila ukimya wake safari ingekwisha relini. Majirani wakamsemea Felista, kisha haohao wakamlaumu: angesema mapema, pengine mzee asingelala siku mbili anautazama mlango.

Ndipo Mbaruku akasema, "Pete ni ya mama. Sisi tulimsindikiza tu. Aliyetembea na hofu ile kifuani ni yeye."

Bi Zawena, ndani ya chumba anachokalia eda, akasikia. Akajibu nyuma ya pazia, "Msinipe. Mimi ndiye niliyemchelewesha. Na nilipofika, nilimuuliza jiko."

Pete iko kwenye kisahani juu ya kabati mpaka leo, na mimi kila nikiifikiria nabadili mawazo.

Haya, nyie mliosikiliza, mngempa nani? Kibibi, Mbaruku, Felista, au Bi Zawena mwenyewe? Na atakayesema Bi Zawena, basi ainuke aende akamwambie, kwa sababu sisi tumemwambia na haamini.