Vijiwe Visivyo na Majina

Sogeeni jikoni, wajukuu, na mwenye usingizi alale sasa, maana sirudii.

Palikuwa na zimwi lililojua majina ya mawe yote ya mlimani. Likiita jiwe, jiwe linatembea lenyewe. Likayaita yote, likajijengea nyumba juu ya chemchemi, na kijiji kikakosa maji.

Mjane mmoja, Nakijwa, aliokota vipande vilivyomeguka mawe yale yakitembea. Vingine alizuilia udongo shambani, vingine akazungushia banda la kuku, vingine akarundika uani.

"Kula makombo yangu," zimwi likamcheka.

Upepo ukavuma, ukuta wa zimwi ukaanguka. Likajenga, ukaanguka. Likajenga tena, ukaanguka tena. Ndipo likashuka kwa Nakijwa.

"Bibi, ukuta wangu unacheza."

"Utaachaje kucheza, bwana? Mawe makubwa matupu, katikati hujapachika kitu. Viite hivi vyangu."

"Havina majina. Vilizaliwa vimevunjika."

"Basi nitavipachika kwa mkono. Ila chini nitaacha tundu, maji yatoke."

"Nikikataa?"

"Utalala nje."

Zimwi likakuna kichwa, likakubali. Nakijwa akapanda na kapu lake, akapachika vijiwe ukuta mzima, akaacha tundu. Maji yakashuka hadi kijijini.

Baadaye zimwi likajuta. Likayaita mawe yake kwa majina yaje yazibe tundu. Mawe yakasikia, yakajivuta, yakashindwa kutoka, kwa jinsi vijiwe vilivyoyakaza.

Limo humo ndani mpaka leo, linaita. Sisi tunateka maji.