Sauti Isiyo na Masikio

Sauti isiyo na masikio haipigiwi magoti. Mmeisikia asubuhi mkutanoni, mama mmoja akimtupia diwani, nanyi mkaangua kicheko. Chekeni, ila mjue mnachokicheka. Wapo wanaodai ni methali ya mababu. Uongo. Ilizaliwa juzijuzi tu, hapa hapa kwetu, na ilianza hivi.

Subilaga alikuwa mfinyanzi kandokando ya Ziwa Nyasa. Miaka arobaini alikanda udongo na kusugua vyungu, mpaka ncha za vidole vyake zikawa laini kama kokoto ya mtoni. Binti yake, Atupele, alikuwa Uarabuni akifanya kazi za ndani. Matajiri wake walimnyang'anya pasipoti na simu. Kila Ijumaa mchana, wenye nyumba wakitoka, aliazima simu ya mpishi kwa dakika mbili, akapiga namba moja tu aliyoijua kwa kichwa: ya mama yake. Kumpigia yeye ilikuwa mwiko. Simu ile ingelia mbele ya wenye nyumba, yeye na mpishi wangeumia wote wawili.

Mara ya mwisho alinong'ona, "Mama, nitafutie mtu wa huku wa kunipokea. Nikimpata, natoroka."

Subilaga alihangaika huku na huku, akaipata namba ya Mtanzania wa mji uleule anayewahifadhi mabinti wa namna hiyo. Akaiandika ukutani kwa mkaa, juu ya kitanda, akangoja Ijumaa.

Jumatano laini yake ikafungwa.

Kisa? Kampuni ya simu ilitaka kila mtu aweke upya alama za vidole. Subilaga alikwenda kwa wakala sokoni, akabonyeza kidole kwenye kioo cha mashine, kikakataliwa. Akabonyeza vyote kumi. Vikakataliwa vyote kumi. Hebu niambieni: ni nani aliyeunda mashine inayomtambua asiyefanya kazi na kumkana anayefanya?

"Piga huduma kwa wateja, bibi," akasema wakala, akageukia mwingine.

Alhamisi akaazima simu ya jirani yake, Mama Lwitiko, mfinyanzi mwenzake. Desturi yetu mnaijua: mwanamke mwenye shida hupiga magoti, na shida haitangulii salamu. Subilaga akapiga magoti sakafuni, simu sikioni.

"Habari! Karibu huduma kwa wateja," ikasema sauti ya msichana.

"Nzuri, mwanangu. Za huko? Wazazi hawajambo? Mvua zimewafikia?"

"Kwa lugha ya Kiswahili, bonyeza moja."

"Kwani hapa naongea lugha gani? Nina shida, mwanangu, binti yangu..."

"Hujachagua huduma yoyote. Kwaheri."

Mama Lwitiko akamwelekeza pa kubonyeza. Safari hii wakapigiwa muziki. Kila muziki ulipopumua, sauti ilisema, "Simu yako ni muhimu sana kwetu. Tafadhali endelea kusubiri." Akaendelea, magotini. Hakuwa mjinga, alijua ile ni sauti iliyorekodiwa. Lakini aliamini nyuma yake kuna mwenye nyumba, kama ilivyo kwenye kila mlango aliowahi kuubisha maishani. Alhamisi nzima alipiga magoti. Ijumaa akapiga tena. Saa saba ikafika, saa nane ikapita, Atupele huko aliko akipiga laini iliyokufa, na huku muziki bado unalia.

"Inuka, mwenzangu," akasema Mama Lwitiko. "Magoti yamechubuka."

Subilaga akainuka. Akaitazama ile simu kama chungu kilichopasukia motoni.

"Siku mbili naamkia ukuta," akasema. "Sauti isiyo na masikio haipigiwi magoti."

Jumatatu wafinyanzi kumi na wawili waliingia ofisi ya kampuni mjini, wakasimama wima mbele ya meza. Kijana wa ofisini, mzaliwa wa huku huku, akashangaa.

"Mama zangu, hata salamu?"

"Salamu tumezimalizia kwenye simu yenu," akajibu Subilaga. "Fungua laini yangu."

Akaweka kidole. Taa nyekundu.

"Mfumo unakukataa, bibi."

"Mfumo ni mtoto wa nani? Mwite aje anikatae mwenyewe!"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Kijana hakucheka. "Bibi, huo ndio utaratibu."

"Utaratibu wa kufunga kwanza na kuuliza baadaye? Shamba likigombewa, tunaita mashahidi. Ndoa, mashahidi. Hawa wananijua tangu nilipoolewa. Kioo chako kinanijua tangu lini? Mwandikeni mtu kwa watu wanaomjua! Na kwenye ile simu yenu wekeni binadamu, hata mmoja."

"Asiyepiga muziki," akaongeza Mama Lwitiko.

Kisha wakapanga mstari. Kila mmoja akaweka vidole vyake kumi, kimoja kimoja, taa ikawaka nyekundu, nyekundu, nyekundu. Wa mwisho akimaliza, wa kwanza anaanza upya. Hadi saa tisa hakuna mteja mwingine aliyeisogelea meza ile. Ndipo meneja akatoka chumba cha nyuma, akavuta droo ya chini, akatoa fomu ya wateja ambao vidole vyao havisomeki. Mashahidi wawili, sahihi, basi. Karatasi ilikuwa imegeuka manjano kwa kukaa. Sikieni vizuri: ilikuwa imegeuka manjano!

"Mbona hukuisema?" Subilaga akamuuliza kijana.

"Hakuna aliyewahi kuiulizia, bibi."

"Ningemuuliza nani? Muziki?"

Ijumaa, saa saba na robo, simu ya Subilaga ikaita.

"Mama? Uko hai?" Atupele alikuwa akilia. "Ijumaa ile kuna mwanamke aliniambia hupatikani. Akarudia na kurudia. Nikajua umekufa."

"Yule hanijui, mwanangu. Hata wewe hakusikia unavyolia. Futa machozi, shika kalamu."

Akageukia ukuta, akaisoma ile namba ya mkaa, tarakimu moja moja, mara mbili, miguu imenyooka.

Kwa hiyo siku nanyi mkiambiwa ninyi ni muhimu sana, endeleeni kusubiri, msisubiri. Inukeni, mwende waliko wenye masikio, na mwende wengi. Sauti isiyo na masikio haipigiwi magoti.