Mgongo wa Bibi Nkwimba

Soma mpaka mwisho, usiruke, halafu mpelekee mtu yeyote mwenye jembe. Asiye na jembe naye mpelekee, maana anakula.

Palikuwa na kijiji cha wakulima wa mahindi, na humo aliishi mwanamume aitwaye Lugata. Hakuwa mvivu. Alikuwa mwoga, na woga unachosha kuliko kulima. Aliogopa kupanda mapema, jua lisije likamkaushia. Aliogopa kuchelewa, mvua isije ikakatika mahindi yakiwa bado yanachanua. Basi kila msimu alifanya walichofanya wenzake wote: alisimama kwenye mpaka wa shamba lake akatazama mgongo wa Bibi Nkwimba.

Bibi huyu alikuwa mjane, mkali kama pilipili kichaa. Shamba lake lilikuwa juu mwinukoni, linaonekana pande zote, na mavuno hayakuwahi kumkosa. Akiinama na jembe, kijiji kizima kinainama. Akikaa, wanakaa. Lakini kumuuliza, hakuna aliyewahi kumuuliza. Kuuliza ni kukiri kwamba hujui, na wanaume wa pale walikuwa na ndevu za kulinda.

Mwaka huo walikuwa wametoka kwenye njaa. Nyumbani kwa Lugata mahindi yaliyobaki ni yale ya mbegu tu, yaliyoning'inizwa juu ya meko yapigwe moshi yasiliwe na wadudu. Watoto waliyatazama wakimeza mate, na mkewe Nyanzobe alimchapa kwa mwiko kila aliyenyoosha mkono.

Mvua ya kwanza ikanyesha, kubwa, yenye radi. Kulipokucha Lugata akatoka kuangalia. Kule juu, Bibi Nkwimba ameinama. Anachimba, anaingiza mkono, anafukia. Anapiga hatua. Anachimba, anaingiza mkono, anafukia.

Lugata akarudi nyumbani mbio.

"Shusha mbegu! Bibi anapanda!"

"Wewe umeushika udongo wako?" Nyanzobe akauliza.

"Niushike wa nini? Nimemwona kwa macho yangu."

"Hizo ndizo zote tulizonazo, baba Shija. Hakuna nyingine."

"Unataka tuwe wa mwisho? Tuchekwe?"

Zikashushwa. Jua lilipozama, kijiji kizima kilikuwa kimefukia mbegu zake zote.

Mvua haikurudi. Mahindi yakachomoza, jua likayakalia. Yakageuka manjano, yakajikunja, ukiyagusa yanasagika vidoleni kama ugoro. Lugata akawa hali, halali. Akisikia mtoto anakohoa, anadhani ndiye anayetangulia.

Watu wakiogopa pamoja hutafuta wa kumlaumu, tena wanampata upesi. Kisimani mmoja akasema, "Hivi kwa nini macho ya yule bibi ni mekundu kama ya mchawi?" Ni moshi wa kuni alizozipuliza maisha yake yote, lakini nani alitaka kusikia habari za kuni? Jioni wakapanda kwenda kwake na marungu. Lugata naye akabeba lake. Hakumchukia bibi. Aliogopa tu kuwa mtu pekee asiye na rungu.

Bibi Nkwimba alikuwa anachambua mboga. Hakusimama.

"Umetupandisha, halafu umeifunga mvua!" wakapiga kelele.

"Nimewapandisha nini?"

"Tulikuona unapanda!"

"Mimi? Sijapanda hata punje." Akanyoosha kidole juu ya meko. Mahindi yake ya mbegu yalikuwa yananing'inia vilevile, meusi kwa moshi. "Nilikuwa napima maji yamefika wapi. Nachimba, natia mkono. Kama hakujalowa mpaka kwenye kiwiko, nafukia, naondoka zangu. Nafukia ili ng'ombe wenu wasivunjike miguu mle, maana mnawaachia ovyo. Siku ile palilowa kiganja tu. Chini yake vumbi."

Akatupia mboga nyingine kwenye ungo.

"Mbona hukutuambia, bibi?" Lugata akauliza.

"Mbona hukuniuliza? Mdomo wa kuniita mchawi mnao. Wa kuuliza mliuacha wapi?"

Marungu yakashuka. Wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga. Lugata peke yake akabaki, akapiga magoti, akaomba mbegu.

"Nitakupa," bibi akasema. "Wala si kwa huruma. Watoto wako wakikosa chakula watakuja kuniibia mimi. Lakini nikikuona tena unanitazama mgongo, nitakuja kuzifukua kwa kucha zangu hizi. Mkono unao?"

"Ninao."

"Basi utie kwenye udongo."

Wenzake walikwenda kuomba mbegu kwa wakwe zao, na aibu ile wakaimeza. Wakaapa hawatamtazama bibi tena. Ila waliposikia kwamba Lugata kapewa mbegu na bibi mwenyewe, wakanong'ona kwamba siri pia kapewa.

Mawingu yakarudi, mvua ikashuka. Asubuhi Lugata akaenda shambani, kibuyu cha mbegu kiunoni, kizibo kimebanwa. Akachimba, akaingiza mkono. Udongo wa juu umelowa, wa chini vumbi. Akafukia. Akapiga hatua, akachimba tena. Vumbi. Akafukia. Akapiga hatua nyingine.

Akasikia majembe.

Akainua kichwa. Kila shamba lilikuwa na watu, wameinama, wanafukia mbegu walizopewa na wakwe. Kweli walikuwa wameacha kutazama mgongo wa bibi. Walikuwa wanatazama wake.

"Sijapanda!" akapiga kelele. "Napima tu! Acheni! Acheni!"

Upepo ulikuwa unatoka kwao kuja kwake. Walichoona ni mtu anapunga mikono, wakadhani anawahimiza wakaze.

Wakakaza.

Funzo: Ukiogopa kukosea peke yako, utakosea pamoja na wenzako, na njaa haipungui kwa kuwa mmekosea wengi. Tia mkono kwenye udongo wako mwenyewe. Na anayejua, muulize kwa mdomo, usimtazame mgongo.