Jembe la Timu ya Mavumbini

Mliokaa, mmekaa?

Tumekaa, na masikio tumeyafungua.

Ngano inabisha hodi.

Ipite ndani, itukute tulipo.

Basi palikuwa na timu ya mpira katika nchi ya nyasi ndefu, na timu hiyo iliitwa Mavumbini. Ilipocheza, vumbi lilitimka tifu, tifu, tifu, hata mtazamaji akarudi nyumbani hajui nani kafunga mpaka aulize njiani. Haikuwa timu kubwa. Mbele alicheza Swala, nyuma alicheza Ngiri, ambaye pia ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na golini alidaka Mzee Kakakuona. Siku moja Mzee Kakakuona alijikunja kwa woga karibu na mstari wa goli, Swala akateleza akamgonga, naye akabingirika hadi wavuni. Refa Korongo akadhani ndiye mpira. Prrr, goli. Goli hilo halijafutwa mpaka leo.

Stoo ya timu ilikuwa kwa Bi Sange. Sange ni mnyama mdogo, umbo lake kama panya, ila pua yake ni ndefu na hufika mahali kabla ya mwenyewe. Marehemu mume wake alikuwa winga wa kushoto wa Mavumbini. Alipofariki walimzika hatua tatu nje ya kona ya kushoto, pale pale alipozoea kupigia krosi, na Bi Sange alichimba shimo lake la kuishi jirani na kaburi hilo. Hakuwa msemaji. Lakini kila kitu cha timu alijua kilitoka wapi, mwaka gani, na nani alikibeba begani kukileta. Stoo yenyewe ilikuwa na vitu vinne tu: ngoma, sufuria kubwa, jamvi refu na jembe. Mgeni akiuliza jembe ni la nini kwenye timu ya mpira, Bi Sange alimjibu, "La kazi," akaendelea kufagia.

Ukaja mwaka wa ukame. Nyasi zilikauka, uwanja ukapasuka, mchwa wakala mlingoti mmoja. Wachezaji walianza kuanguka kwa njaa kabla ya mapumziko. Mnyama mmoja tu alikuwa na chakula, naye ni Kiboko. Alikuwa na bwawa, na kando ya bwawa shamba la matikiti lisilo na mwisho.

Kiboko akapiga mwayo, aaaa, akamwambia Ngiri, "Niuzie timu."

"Timu haiuzwi, Bwana Kiboko."

"Mikokoteni kumi ya matikiti."

Ngiri akawatazama wachezaji wake. Swala alikuwa amelala kivulini, mbavu zinahesabika. Ngiri akakanyaga tope la kando ya bwawa, akaacha alama ya kwato. Ndiyo ilikuwa sahihi yake.

Bi Sange alipopata habari alimfuata. "Mwenyekiti, umeuza?"

"Nimeuza, Bi Sange. Ulitaka nifanye nini?"

Bi Sange akakung'uta pua. Na yeye alikuwa ameshakula kipande cha tikiti, na alijua kilikuwa kitamu.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri, nisiwafiche. Wachezaji walishiba, mlingoti ukasimamishwa upya, timu ikashinda mechi tatu mfululizo. Halafu Kiboko akazungusha uwanja ua wa miiba. Halafu akasema kila anayeingia alete mzigo wa nyasi mbichi, na asiye na nyasi akae nje asikilize. Halafu akafuta jina la Mavumbini, akaiita timu Fahari ya Kiboko. Wazee walioshangilia timu hiyo tangu utotoni wakawa wanapanda kichuguu kuchungulia, na mmoja akidondoka, puu, wenzake walimuuliza kwanza matokeo ndipo wamwinue.

Siku moja Kiboko akawakusanya wote akatangaza, "Masika yakiisha, timu inahamia ng'ambo ya mto. Huko kuna wanyama wenye uwezo. Uwanja huu nitaulima matikiti, kona hadi kona."

Kona hadi kona. Bi Sange akageuka akaitazama kona ya kushoto. Akatazama kilima kidogo cha udongo, hatua tatu nje ya mstari. Kisha akakung'uta pua, akapenya katikati ya miguu ya watu mpaka mbele.

"Bwana Kiboko, kabla ya kuhama nikukabidhi vitu vyako. Mimi ni mtunza stoo, sitaki baadaye niambiwe nimeficha."

"Haya, Bi Pua, kabidhi."

"Uwanja ni wa nani?"

"Wangu."

"Na milingoti?"

"Yangu."

"Na ngoma?"

"Yangu."

"Na sufuria?"

"Yangu."

"Na jamvi?"

"Langu."

Bi Sange akanyoosha pua upande wa stoo. "Na jembe? Hili ni kuukuu, Bwana Kiboko, mpini wake umelegea. Ningeomba libaki."

Kiboko akafungua kinywa chote. Hakuwa analihitaji jembe. Kulima alikuwa analimiwa. Lakini hakuweza kuona kitu kimeombwa kikabaki kwa mwingine. "Langu. Na msikie wote. Cha Kiboko hakiguswi ila na Kiboko."

"Tumesikia," akasema Bi Sange. Akavikokota vitu vyote vinne hadi bwawani, kimoja kimoja, siku nzima. Akarudi kusubiri. Alijua kwamba msimu haupiti bila wageni, na mwaka haupiti bila msiba.

Wageni wakaja. Walikuwa timu ya Nyani, watani wa Mavumbini tangu enzi za mababu. Desturi ya nchi ile ilikuwa kwamba mgeni hachezi na njaa. Mwenye sufuria humpikia. Nyani wakafika kwa Bi Sange, mikono tumboni.

"Shemeji, mbona jiko limenuna?"

"Sufuria imehama. Iko kwa Bwana Kiboko."

Wakaenda bwawani, kundi zima. Kiboko akamwita Ngiri apike. Ngiri akainamisha kichwa. "Cha Kiboko hakiguswi ila na Kiboko." Akamwita Swala. Swala akasema hivyo hivyo. Kiboko akashika mwiko mwenyewe, akasonga ugali, jasho linamtiririka, na ugali ukatoka na madonge kama mawe ya mtoni. Nyani wakaula na kuusimanga, wakaula wote, kisha wakafuatishia matikiti.

Mechi ikaanza, kimya. Wachezaji wakasimama, maana Mavumbini haijawahi kucheza bila ngoma. "Ngoma iko wapi?" Ngoma ilikuwa ya Kiboko. Kiboko akapiga ngoma, ndi, ndi, ndi, kipindi cha kwanza chote na cha pili chote, na kila alipotaka kupumzika timu yake ilifungwa.

"Kaza mikono, mtani," Nyani wakamwambia. "Matikiti unayabeba, ngoma itakushinda?"

Masika hayajaisha, Mzee Kakakuona akafariki. Alilala mchana, akajikunja kama kawaida yake, hakujikunjua tena.

Hapo ndipo Kiboko alipojua jembe lilikuwa la nini. Mavumbini ilikuwa timu ya mpira siku moja kwa wiki. Siku nyingine zote ilikuwa timu ya kuzikana. Mwenye jembe ndiye anayepiga pigo la kwanza la kaburi, na wengine humfuata kwa mikono na kwato. Lakini safari hii hakuna aliyefuata. Walisimama pembeni kwa adabu, mikono nyuma. Cha Kiboko hakiguswi ila na Kiboko.

Kiboko akachimba. Pu, pu, pu. Mpini ukachomoka, akaugonga, akachimba tena. Alikuwa hajawahi kuchimba kitu tangu azaliwe. Na kwa kuwa watani hufanya kazi yao hata msibani, Nyani wakakaa ukingoni.

"Punguza, mtani. Hilo kaburi la Kakakuona, si bwawa la kuogea."

Watu wakacheka, kisha wakalia, kisha wakaanza kumkumbuka marehemu. Mmoja akasimulia lile goli. Mwingine akasimulia mwaka aliodaka penalti kwa mkia. Bi Sange akasema, "Alipokufa mume wangu, mzee huyu alichimba kwa makucha yake mpaka jembe likakosa kazi." Akasema hilo tu, lakini Kiboko aliacha kuchimba akasikiliza, akiwa ndani ya shimo hadi kifuani.

Baada ya maziko, matanga. Matanga hukaliwa pale jamvi lilipo. Jamvi lilikuwa kwa Kiboko. Nchi nzima ikaenda bwawani ikakaa siku tatu, ikila kwenye sufuria ya Kiboko aliyopika Kiboko. Siku ya kwanza Kiboko alilalamika. Siku ya pili madonge yalipungua kwenye ugali, na Ngiri akamwambia kwamba chumvi imekaa vizuri. Siku ya tatu Kiboko alikaa kwenye ukingo wa jamvi, nusu nje, kwa sababu hakuenea. Kisha akamwegemea Bi Sange, kwa uangalifu asimponde.

"Bi Sange."

"Abee."

"Huyu mzee hakuwa na kitu. Lakini nimeona watu waliokuja."

"Umewaona."

"Siku yangu ikifika, nani atanichimbia?"

Bi Sange akakung'uta pua. "Mwenye jembe, Bwana Kiboko. Ndiyo desturi."

"Mwenye jembe ni mimi."

"Ndiyo."

Nyani mmoja akakohoa, akasema taratibu, "Usijali, mtani. Anza mapema tu, maana wewe ni mpana."

Hakuna aliyecheka, hata Nyani mwenyewe. Kiboko akalitazama bwawa lake, na shamba lake, na ng'ambo ya mto ambako hakumjua mtu hata mmoja.

"Chukua jembe," akasema. "Libaki kwenu."

"Siwezi kulichukua peke yake," Bi Sange akajibu. "Tulikabidhiana kwa mpangilio. Uwanja, milingoti, ngoma, sufuria, jamvi, jembe. Jembe ndilo la mwisho. Ukitaka kulitoa, sharti vitoke vilivyotangulia."

Kiboko akapiga mwayo, aaaa, lakini mwayo wenyewe ulikuwa kama kilio. "Vitoke," akasema.

Basi vikatoka. Ua wa miiba ukavunjwa ukawa kuni za sufuria. Jina la Mavumbini likarudi, na vumbi nalo likarudi, tifu, tifu, tifu. Kona ya kushoto haikulimwa. Bi Sange alilifagia kaburi la mumewe jioni hiyo, akalinganisha udongo vizuri, akapima tena hatua kutoka kwenye mstari. Zilikuwa tatu.

Na golini, kwa kuwa Mzee Kakakuona alikwisha ondoka, wakamweka Kiboko. Akisimama katikati ya milingoti, hakuna nafasi ya mpira kupita, hakuna hata nafasi ya upepo. Nyani walikata rufaa. Refa Korongo akaizunguka milingoti mara mbili, akasema hakuna sheria inayomkataza mtu unene.

Wapo wanaosema funzo la ngano hii ni kwamba mali huharibu mpira. Msiwasikilize. Matikiti yalikuwa matamu, na Swala alinenepa. Funzo lake ni hili: mkikua mkatajirika, nunueni timu, tena nunueni hata mbili. Ila ingieni stoo kwanza mkague. Mkikuta viti na vikombe tu, lipeni haraka. Mkikuta jembe, kimbieni.

Ngano imetoka kwa mlango ule ule.

Tumeuacha wazi, irudi ikitaka.

Aliyeikalia njia na asimame, kesho kuna mechi, na ngoma ina mpigaji mwingine.