Kiingereza cha Mbwa wa Bosi

Hii sikusimuliwa na mtu. Nilikuwa pale pale, juu ya ngazi, napaka rangi madirisha ya ofisi ya Madam Eufrazia, mkuu wa chekechea moja ya Kiingereza kule Morogoro. Na kwa kupaka rangi, mkoa mzima hakuna wa kunigusa, ila hayo tuyaache.

Akaja Mama Sikudhani, mfuaji nguo kwa bosi mmoja, na binti yake wa miaka minne. Mtoto mdomo kama redio. Yeye na mama yake walikuwa wakitegana vitendawili toka kwenye karai la kufulia mpaka kitandani.

Madam akasema, "Nafasi imebaki moja. Lakini kuanzia leo nyumbani ni Kiingereza tupu. Baada ya Krismasi nitampima. Nikisikia Kiswahili, nafasi nampa mwingine."

Mama akatii. Sasa Kiingereza angekitoa wapi? Alichowahi kusikia ni kile bosi wake anachoongea na mbwa. Mnajua wenyewe, mbwa wa matajiri hawajui Kiswahili. Basi akampelekea mtoto hicho hicho: kam, siti, iti, gudi. Vitendawili vikakoma. Mtoto akanyamaza kama redio iliyoisha betri.

Siku ya kupimwa mimi nilikuwa dirisha la pili. Kazi yangu siifanyi kwa pupa.

Madam akamuuliza mtoto jina lake kwa Kiingereza. Sikudhani akamtazama, akaonyesha kidole chini.

"Siti."

Madam akakaa.

"Gudi," akasema mtoto, akampapasa kichwani.

"Nani kamfundisha huyu?"

"Mimi," akajibu mama. "Ndicho Kiingereza chote nilichonacho, Madam. Ni cha mbwa wa bosi. Ulisema nimpe, nimempa."

"Basi nafasi hana."

Nikajua sasa mama atapiga magoti. Wapi. Akavuta kiti.

"Sawa. Ila sitoki hapa mpaka usikie nilichomnyima. Sikudhani, mtegee Madam."

Mtoto akasita, akamwangalia mkuu wa shule.

"Usimwangalie yeye. Niangalie mimi. Tega."

"Kitendawili," mtoto akanong'ona.

"Tega," akasema Madam. Lilimtoka lenyewe, kama chafya.

"Nina nguo yangu, imelowa mwaka mzima, haijawahi kuanikwa."

Madam akawaza. Akavua miwani, akawaza tena.

"Nipe mji," akasema mtoto.

"Haya, chukua Dodoma."

"Nimekwenda Dodoma, nimekula zabibu, nimemkuta bibi yake Madam, kasema Madam hampigii simu. Nguo ni ulimi."

Na hakuishia hapo. Maneno ya miezi yote ile yakamwagika: paka wa jirani, soksi ya bosi iliyopotea, kila kitu. Madam akacheka mpaka akajifuta macho.

"Mlete Jumatatu. Kiingereza tutamfundisha sisi."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani ujitahidi kidogo..."

"Nyumbani hapana, Madam," mama akamkatiza. "Kule nitaongea naye lugha ninayoota nayo ndoto. Kama haifai, sema sasa hivi niondoke na mwanangu."

Madam akageukia dirishani. "Fundi, hilo dirisha litaisha lini?" Nikachovya brashi. Akamgeukia mama. "Jumatatu, saa mbili. Na hicho kitendawili nitamtegea mume wangu."

Funzo: Mama, ongea na mwanao lugha unayoweza kumchekesha nayo na kumgombeza nayo. Kiingereza atakikuta shuleni; maneno yako hatayakuta kwingine.

Mtumie hii mama yeyote anayemwambia mwanawe kam. Ila nisiwadanganye, kuna kitu kimoja nimeongeza mwenyewe: Madam hakukaa alipoambiwa siti. Alikuwa ameshakaa.