Buluu Iliyozimika

Kimezacho mwanga sicho king'aacho. Vijana wa maabara walipomsikia Mzee Lugome akiitamka methali hii, walitaka kujua imetoka wapi. Mzee akaipangusa meza, akasema, "Haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa, mwaka wa Zamaradi."

Zamaradi alikuwa mwanafunzi, na alihangaika miezi mitatu kuunganisha vipande viwili ndani ya molekuli moja. Cha kwanza humeza mwanga wa taa ya zambarau, kikang'aa buluu. Cha pili hung'aa rangi nyekundu, ila taa ile haikiwashi kikiwa peke yake. Alivifunga pamoja kwa mnyororo mfupi wa kaboni. Mavuno yote yalijaa kichupa kimoja tu, na mtahini alikuwa anafika saa nne.

Saa tatu u nusu alikitia kichupa katika sanduku jeusi, akawasha taa, akachungulia tunduni. Giza. Akakitikisa, akachungulia tena. Giza tupu. Nimeiunguza, aliwaza, miezi mitatu nimeiunguza kwa mkono wangu mwenyewe. Na desturi ya maabara ile ilikuwa kwamba kilichoharibika hakimngoji mtahini mezani. Akakichomoa kichupa, akafungua chupa ya taka.

"Unampeleka wapi mgonjwa?" aliuliza Mzee Lugome, fundi wa maabara.

"Si mgonjwa, babu. Ni maiti."

"Nani kamwosha?"

"Babu, usinitanie leo! Nimechungulia mara mbili. Buluu imekufa."

"Haya, imekufa. Na nduguye umemjulia hali?"

Mzee akainama, akachomoa kioo cha buluu tunduni. Zamaradi ndiye aliyekipachika jana, alipopima kipande cha kwanza peke yake. Kioo kisichopitisha rangi nyingine yoyote.

"Haya, kirudishe kichupa sandukuni."

Akakirudisha. Kichupa kikawaka chekundu, kama kaa lililopulizwa.

"Kumbe kile cha kwanza..." Zamaradi alianza.

"Kimemeza, kikampa mwenzake. Hakikubakiza hata cha kujionyesha."

Mlango ukagongwa. Zamaradi akajifuta macho, akaenda kufungua, kifuniko cha chupa ya taka kingali mkononi. Mtahini akachungulia sandukuni, akakunja uso.

"Taa nimeiona, na nyekundu nimeiona. Buluu yako iko wapi, binti?"

Zamaradi akavuta pumzi.

"Kimezacho mwanga, mwalimu, sicho king'aacho."